Unene wa Bomba la Ekzosi: Tusichague kwa Macho

(Hotuba ya fundi mmoja, mwanachama, mbele ya mkutano wa mafundi wa magari wa tawi letu. Tumeichapa kwa sababu wengi waliokuwa kazini siku hiyo waliiomba.)

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya kazi yenyewe, si juu ya mshahara, kwa maana mshahara tunauzungumza kila tunapokutana. Nimekubali. Lakini mtaona mwishoni kwamba kazi na mshahara ni mtu na nduguye, na anayekosea hesabu ya kimoja hukatwa katika kingine. Mimi nilikatwa, ndiyo maana ninasimama hapa.

Shauri langu la leo ni dogo kwa kulitazama. Ni unene wa yale mabomba yanayotoka kichwani mwa injini kupeleka moshi nje, ambayo mafundi wengi tunayaita heda. Gari linapotoka kiwandani mara nyingi huwa na kipande kimoja cha chuma cha kumimina. Mwenye gari akitaka nguvu zaidi, labda kwa ajili ya mashindano, chuma hicho hutolewa, na fundi huambiwa atengeneze mabomba, moja kwa kila silinda. Hapo ndipo swali huzuka: bomba liwe nene kiasi gani? Na jibu la watu wengi, matajiri na mafundi vilevile, ni hili: liwe nene kadiri inavyowezekana.

Jibu hilo si kweli, na nitawaeleza kwa nini.

KISA CHANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeajiriwa katika gereji moja hapa mjini. Sitaitaja, kwa maana sikuja kugombana na mtu. Aliletwa mgonjwa, gari la zamani la silinda nne, injini ya cc 2,000, yenye kabureta mbili. Mwenyewe alitaka kuliingiza katika mashindano ya magari ya zamani. Ninyi mnajua ya kuwa nchi yetu ni nchi ya mashindano. Safari ilianza mwaka 1953, na tangu mwaka 2003 yako pia mashindano ya Safari ya magari ya kale. Kwa hivyo kazi hizi za Datsun, Ford Escort na Porsche za zamani bado zinaingia katika gereji zetu, na ni kazi nzuri zenye heshima.

Mwenye gari alikuwa na picha ya injini ya gari la mbio za lami. Akasema anataka mabomba kama yale ya pichani, ya inchi 1¾. Tajiri wangu akasema, "Mtengenezee." Mimi nikatengeneza. Sikupima kitu, sikuuliza kitu. Kusema kweli niliona fahari, kwa maana mabomba manene yanapendeza macho, na sauti yake ilikuwa kama ya simba.

Siku ya kujaribu kwenye lami gari lilikwenda vizuri, hasa lilipokazwa sana. Lakini lilipofika kwenye matope ya udongo mweusi, na baadaye kwenye mlima wa mawe, likakataa. Dereva akiweka gia ya pili injini inazama, akirudisha ya kwanza inalia bure na magurudumu yanachimba. Gari likarudi kwetu likiwa limefungwa kamba. Mwenyewe alikuwa na hasira, naye tajiri akamwambia, "Fundi wangu ndiye aliyekosea." Gharama ya mabomba ikakatwa katika mshahara wangu kwa miezi miwili. Nilipojaribu kusema kwamba sikuchagua mimi, niliulizwa, "Iko wapi karatasi?" Sikuwa na karatasi.

Mzee mmoja, fundi na mwanachama wa chama hiki, alisikia habari zangu akaniita kwake Jumapili. Akachukua kalenda kuukuu, akaigeuza nyuma, akanipigia hesabu ninayotaka kuwapa leo. Ilichukua dakika tano. Nilipoiona niliona haya, kwa maana ingeliniokoa mshahara wa miezi miwili.

MOSHI UNAVYOTOKA

Kwanza tuelewe kinachopita ndani ya bomba. Wengi tunafikiri moshi hutoka kama maji ya mfereji, mfululizo. Sivyo. Hutoka kwa vishindo. Valvu ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, na wakati huo silinda bado ina shinikizo kubwa. Moshi hulipuka kuingia bombani kwa kishindo kimoja, kisha pistoni hupanda na kusukuma uliobaki. Halafu pananyamaza mpaka zamu nyingine. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupiga kishindo mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 katika kila sekunde.

Kila kishindo hufanya kazi mbili zenye faida kwetu.

Kazi ya kwanza: moshi unaokwenda mbio huwa na uzito na mwendo, na unapokimbia huvuta nyuma yake ule uliobaki silindani. Ni kama gari moshi: behewa la mbele likiwa na mwendo, la nyuma halina budi kufuata. Mwishoni mwa zamu kuna kitambo kidogo ambapo valvu zote mbili, ya moshi na ya hewa, ziko wazi pamoja. Ikiwa moshi bado unakimbia wakati huo, unasafisha silinda, na hata unaanza kuivuta hewa mpya na petroli ziingie kabla pistoni haijaanza kushuka. Hiyo ni nguvu ya bure.

Kazi ya pili: kile kishindo husafiri ndani ya bomba kama wimbi la sauti, na kwa sababu moshi ni wa moto sana, wimbi hilo huenda zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Likifika mahali mabomba yanapokutana, nafasi hupanuka ghafula, na wimbi la namna nyingine hurudi nyuma, wimbi la kuvuta. Likifika kwenye valvu kwa wakati wake, husaidia kazi ile ya kwanza. Likifika wakati usiofaa, huvuruga.

Sasa shikeni maneno haya mawili, kwa maana mafundi wengi huyachanganya. UREFU wa bomba ndio unaopanga wakati wa wimbi kurudi. UNENE wa bomba ndio unaopanga mwendo wa moshi. Urefu ni hotuba nyingine. Leo tuko katika unene.

NENE MNO, JEMBAMBA MNO

Mto ukipita kati ya majabali mawili, maji hukimbia. Ukifika tambarare ukatanuka, maji yaleyale hutembea polepole, na pengine husimama yakawa bwawa. Maji hayakupungua, ila njia imekuwa pana. Ndivyo ulivyo moshi katika bomba. Bomba likiwa nene mno, moshi hupoteza mwendo. Hauvuti tena nyuma yake, na katika mizunguko ya chini sehemu ya moshi huweza hata kurudi silindani wakati valvu zote mbili zimefunguka. Hewa mpya inachafuliwa na moshi wa zamani, na injini inazama. Dereva hulalamika kwamba gari halina nguvu chini.

Na bomba likiwa jembamba mno? Hapo chini injini huvuta vizuri, lakini mizunguko ikipanda moshi hubanwa. Pistoni inalazimika kuusukuma, na kusukuma huko kunakula nguvu ambayo ingekwenda kwenye magurudumu. Dereva husema gari linaanza vizuri lakini linachoka juu.

Kwa hivyo hakuna bomba zuri wala bomba baya. Kuna bomba la kazi hii na bomba la kazi ile. Mwenye gari akisema, "Nataka nguvu," msimjibu kwa kukata chuma. Mwulizeni: nguvu katika mizunguko mingapi? Gari la mbio za lami hukaa juu wakati wote, labda kati ya mizunguko 5,500 na 7,500. Gari la matope na milima hushuka na kupanda kila dakika, na dereva huhitaji injini imtoe shimoni katika mizunguko 3,000. Magari hayo mawili hata yakiwa na injini moja hayawezi kuvaa bomba moja.

HESABU YENYEWE

Hii ndiyo hesabu ya mzee wangu. Inahitaji vitu viwili tu.

Cha kwanza ni ukubwa wa silinda MOJA kwa cc. Injini ya cc 2,000 yenye silinda nne ina cc 500 kwa kila silinda.

Cha pili ni mizunguko ambayo mnataka injini ivute kwa nguvu zaidi kuliko pote. Angalieni, sisemi mizunguko ya mwisho kabisa ambayo injini inaweza kufikia. Nasema pale mvuto unapokuwa mkubwa kabisa, ambapo ni chini ya pale nguvu za farasi zinapofika kilele.

Zidisheni vitu hivi viwili. Gawanyeni kwa 224,000. Jibu ni upana wa tundu la bomba kwa sentimita za mraba.

Namba hiyo 224,000 si uganga. Imetokana na mafundi waliojaribu injini nyingi kwenye mashine za kupimia nguvu, wakaona kwamba mvuto huwa mkubwa kabisa pale mwendo wa wastani wa moshi bombani unapokuwa karibu mita 75 kwa sekunde. Hesabu hii inatafuta upana utakaoleta mwendo huo.

Na ili msisumbuke na kupiga hesabu ya duara, hapa nimewaandikia mabomba tunayoyapata, yakiwa na ukuta wa milimita 1.6. Kipimo cha inchi ni cha nje, kama yanavyouzwa.

Inchi 1⅜: tundu mm 31.7, upana 7.9
Inchi 1½: tundu mm 34.9; upana 9.6
Inchi 1⅝: tundu mm 38.1, upana 11.4
Inchi 1¾: tundu mm 41.2, upana 13.4
Inchi 1⅞: tundu mm 44.4, upana 15.5

Kipande hiki kikateni mkibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la spana.

Sasa tulitazame gari lililonila mshahara. Silinda moja ni cc 500. Kwa matope na milima mvuto ulitakiwa uwe katika mizunguko kama 4,500. Mara 500 tunapata 2,250,000. Tugawe kwa 224,000, tunapata kidogo zaidi ya 10. Tazameni orodha: iko kati ya 9.6 na 11.4, lakini karibu zaidi na 9.6. Basi bomba lilikuwa inchi 1½.

Mimi niliweka inchi 1¾. Tuigeuze hesabu tuone nilifanya nini. Upana 13.4 mara 224,000, tugawe kwa 500. Jibu ni mizunguko 6,000. Yaani niliuchukua mvuto wa gari nikauhamisha mpaka mizunguko 6,000, mahali ambapo dereva katika matope hafiki hata siku moja. Tofauti ya robo inchi tu. Kwa macho ni ndogo, lakini upana wa tundu uliongezeka karibu sehemu mbili katika tano.

SILINDA, SI INJINI

Hapa kuna kosa jingine ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulifanya. Tunatazama ukubwa wa injini nzima, tunasahau kwamba kila bomba hulisha silinda moja tu.

Chukueni Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ni karibu cc 2,400, kubwa kuliko ile yangu ya cc 2,000. Fundi asiyepima atasema bomba liwe nene zaidi. Lakini ile ni silinda sita. Kila moja ina karibu cc 400. Kwa mvuto katika mizunguko 4,500 tunapata 1,800,000. Kugawanya kwa 224,000 ni 8. Hilo ni bomba la inchi 1⅜! Na tukitaka mvuto upande mpaka mizunguko 5,500 tunapata karibu 9.8, yaani inchi 1½. Injini kubwa zaidi, bomba jembamba zaidi. Asiyejua hesabu hii ataona ni maajabu.

Sisemi kwamba magari yale yalivaa mabomba ya vipimo hivi. Nasema hivyo ndivyo hesabu inavyotuongoza leo tukiwa na injini kama hiyo mezani.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUKATA

Kwanza, kamshafti. Hesabu haiwezi kuhamisha mvuto peke yake. Ikiwa kamshafti ni ile ya kiwandani, ambayo haiachi valvu wazi kwa muda mrefu, injini haitapumua vizuri katika mizunguko ya juu hata mkiweka bomba la maji machafu ya mji. Kama jibu limeangukia kati ya vipimo viwili na kamshafti ni ya kawaida, chagueni chembamba.

Pili, tundu la kichwa cha injini. Bomba lisiwe dogo kuliko tundu hilo, kwa maana ukingo wake utasimama mbele ya moshi kama kizingiti. Likiwa kubwa kidogo si neno; ngazi hiyo ndogo husaidia kuzuia moshi usirudi nyuma. Gasketi nayo isitokeze ndani. Wekeni flenji mahali pake, chovyeni kidole, pitisheni mzunguko mzima. Kidole kikikwama, moshi pia utakwama.

Tatu, namna ya kuyaunganisha. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2. Kwa gari la milima na matope unganisheni ya 1 na ya 4, kisha ya 2 na ya 3, halafu mawili hayo yawe moja. Silinda hizo mbili mbili haziwaki kwa kufuatana, kwa hivyo hazigombani mlangoni. Njia hiyo hupanua mvuto. Njia ya kuleta yote manne mahali pamoja kwa mara moja hufaa zaidi injini inayokaa juu. Kwa silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, tatu za mbele ziwe pamoja na tatu za nyuma pamoja. Bomba la pili, lile linalopokea silinda mbili, tundu lake liwe kama mara 1.3 ya tundu la bomba la kwanza. Kwa bomba letu la mm 34.9 ni kama mm 45.

Nne, barabara. Bomba nene hushuka chini zaidi, na jiwe halijui bei ya bomba. Likibonyezwa, upana mliouhesabu umekwisha. Yapandisheni juu ya sampu. Yafungeni kwenye injini au giaboksi, msiyafunge kwa nguvu kwenye bodi, kwa maana injini hutikisika na bodi ina mtikisiko wake, na bomba lililoshikwa na wote wawili hupasuka kwenye flenji.

Tano, makunjo. Bomba likikunjwa vibaya hubanwa katikati, na pale palipobanwa ndipo penye kipimo chake cha kweli. Mkikunja kwa mkono, lijazeni mchanga mkavu, zibeni pande zote mbili, lipasheni moto polepole. Mchanga ukiwa na unyevu mvuke unaweza kurusha kizibo kikaumiza mtu.

Sita, kabureta. Mkiisha kubadili mabomba, injini haipumui kama zamani. Lazima jeti zitazamwe upya na plagi zisomwe. Bomba sahihi pamoja na jeti ya zamani huweza kuonekana kama bomba baya, na injini iliyokosa petroli huunguza valvu.

USALAMA WETU

Hapa nataka vijana wanisikilize. Wako wanaotengeneza mabomba haya kwa mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, kwa sababu yanapatikana kwa urahisi. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na jioni yake mtu hushikwa na homa, baridi na maumivu ya mwili, akidhani ni malaria. Msichomelee mabomba hayo. Tumieni bomba jeusi la chuma au lisiloshika kutu.

Gasketi za zamani za ekzosi nyingi zilikuwa na asbesto. Msizisugue kikavu wala kuzipuliza kwa hewa ya kompresa. Zilowesheni kwanza, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Na kamwe msiwashe injini isiyo na ekzosi kamili ndani ya gereji iliyofungwa. Ile sumu katika moshi haina harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanya kazi wake, pamoja na kuwapa vifaa vya kujikinga pale vinapohitajika. Kuomba miwani na kinyago si uoga.

KARATASI

Sasa narudi nilipoanzia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi mafundi ni ujuzi, nasi hatuuandiki.

Kabla ya kukata bomba, chukueni karatasi ya kazi, andikeni mistari mitano. Ukubwa wa silinda moja. Mizunguko aliyotaka mwenye gari na kazi ya gari lake. Kipimo kilichotokana na hesabu. Kipimo kilichochaguliwa. Na jina la aliyekichagua, pamoja na sahihi yake. Akitaka bomba nene kuliko hesabu, mweleze kwa heshima. Akishikilia, gari ni lake, mtengenezee, na uchomelee kwa uzuri uleule. Lakini aandike.

Na mjue sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa hasara ya mali iliyo mikononi mwake, ikiwa imeletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu. Fundi aliyefanya alivyoagizwa hakufanya makusudi ya kuharibu. Mimi sikujua hivyo, wala sikuja kwa chama. Nilinyamaza miezi miwili. Ninyi msinyamaze, njoni kwa katibu mkiwa na karatasi mkononi.

Yule mzee aliyenifundisha hakunitoza hata senti. Aliniambia tu, "Nawe mfundishe mwingine." Leo nimelipa sehemu ya deni. Ninyi mliobaki na deni, lipeni kwa vijana walio karibu nanyi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Ndugu mmoja aliuliza: Nairobi iko juu sana na hewa yake ni nyepesi. Je, bomba liongezwe unene?

Jibu: Hapana. Kweli Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu aliyokuwa nayo Mombasa. Lakini silinda haikubadilika ukubwa, na hesabu yetu ni ya ukubwa wa silinda. Jeti za kabureta ndizo za kubadili. Tena kwa kuwa nguvu imepungua, ndiyo sababu zaidi ya kutoupoteza mvuto wa chini kwa bomba nene.

Ndugu mwingine: Na gari lenye turbo?

Jibu: Hesabu hii si yake. Turbo husukumwa na moshi wenyewe, na ina mashauri yake. Tusiipe dawa ya mgonjwa mwingine.

Kijana mwanafunzi: Kama mabomba manene yamekwisha tengenezwa, yaweza kuokolewa?

Jibu: Yaweza kufaa injini nyingine yenye silinda kubwa au ya kukaa juu. Geuza hesabu kama nilivyogeuza mimi: upana mara 224,000, gawa kwa cc za silinda moja, utajua yanataka mizunguko mingapi. Yaandike namba hiyo kwa chaki na uyatundike ukutani mpaka mwenyewe atokee. Yale yangu yalikaa ukutani karibu mwaka mzima. Baadaye yalivaliwa na gari la mbio za lami, na nasikia yanakwenda vizuri sana.